Rimu iliyopigwa moto: uchambuzi wa kisa kimoja cha gurudumu la mbele kushoto

Kisa hiki kilipita mikononi mwetu katika gereji moja mjini Iringa. Jina la mwenye gari, namba ya gari na mahali walipo mafundi wengine waliohusika nimeviondoa kwa makusudi. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya magurudumu, na kwa wenye magari wanaoulizwa kila siku "tunyooshe au tubadilishe?" bila kuelezwa ni kitu gani hasa wanakiamua.

## Usuli

Gari ni Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, ile inayobeba spea kwenye mlango wa nyuma. Rimu zake ni za alumini, za kiwandani, inchi 16, nati tano. Matairi ni 215/70R16 ya tyubulesi, yaani yasiyotumia tyubu ndani. Mawili ya nyuma yalikuwa na miezi mitano tu, ya mbele yalikuwa yametumika zaidi lakini bado yana meno ya kutosha.

Mwenye gari ni mzee mstaafu. Alipokea simu ya msiba Ijumaa asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo akaondoka Dar es Salaam kwenda Makambako akiwa na mkewe, wanawe wawili, jamaa mmoja na mizigo ya msibani. Maziko yalipangwa Jumapili. Waliangalia oili, maji na matairi manne. Spea ilikuwa ndani ya kifuniko chake na haikufunuliwa.

## Kilichotokea barabarani

Giza lilikuwa linaingia, wameshaipita Mikumi wakielekea Ruaha Mbuyuni. Lori lililokuwa likija mbele lilitanua kidogo, mzee akasogea kushoto kulipisha, na gurudumu la mbele kushoto likadumbukia kwenye shimo ukingoni mwa lami. Mwanawe aliniambia ulisikika mshindo mmoja mkavu, "kama mtu amepiga nondo kwenye jiwe". Usukani ukaanza kutikisika papo hapo.

Walisimama. Tairi lilikuwa linapungua upepo polepole. Ukingo wa ndani wa rimu, ule unaotazama injini, ulikuwa umebonyea. Wakashusha spea. Haikuwa na upepo kabisa. Dereva wa lori aliyesimama kuwasaidia akaijaza kwa kompresa yake, na upepo ukaanza kuvujia ubavuni mwa tairi, kwenye nyufa nyembamba za uzee. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilisema tairi hilo lilikuwa na zaidi ya miaka kumi na mbili. Lilikuwa tairi la kuning'inia tu.

Basi wakarudisha gurudumu lililoumia, wakalijaza upepo, wakatembea taratibu mpaka kwenye makazi ya karibu. Fundi pancha wa pale hakuwa na mashine ya kunyooshea rimu. Alikuwa na mtungi wa gesi, nyundo nzito na uzoefu. Alipasha moto ule ukingo uliobonyea mpaka kipande cha karatasi alichokigusisha kikawaka, kisha akaugonga mpaka ukarudi karibu na duara lake. Alipovika tairi na kujaza, upepo bado ulipita kidogo. Akatia tyubu ndani. Upepo ukatulia. Alidai shilingi 45,000 kwa kazi yote na tyubu.

Sitaki fundi huyu aonekane mtu mbaya. Saa mbili usiku, na familia imekwama kando ya barabara, alifanya alichoweza kwa vifaa alivyokuwa navyo. Lakini kiufundi, mambo mawili aliyoyafanya ndiyo moyo wa kisa hiki, nami nitayarudia.

Wakapanda mlima Kitonga usiku ule, watu watano, usukani ukitikisika kila mwendo ulipokaribia 80. Walilala Iringa.

## Gari linafika gerejini

Jumamosi saa mbili asubuhi mzee alikuwa getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Gari linatetemeka. Niwekee balansi niwahi msibani."

Kijana wetu akafanya kama alivyoombwa. Mashine ya balansi ilitaka gramu 95 upande wa ndani. Akapachika risasi, vile vipande vya uzito vya ukingoni mwa rimu, akazungusha tena, mashine ikaonyesha sifuri, lakini ukitazama kwa macho ukingo wa rimu ulikuwa bado unacheza. Risasi husawazisha uzito, hazinyooshi umbo. Tulipopima, mchezo wa ukingo wa ndani ulikuwa milimita 3 na nusu. Kikomo tunachojiwekea sisi kwa rimu ya alumini ni milimita 1.

Nikaamuru tairi livuliwe. Tyubu ikatoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mtu alikuwa ameziba kitu, maana tairi la tyubulesi halitiwi tyubu bila sababu.

Ubavu wa ndani wa tairi ulikuwa na nundu ya ukubwa wa nusu ya limau: nyuzi zilikuwa zimekatika. Kwa upande wa tairi hapakuwa na la kujadili. Nundu ya ubavuni hairekebishiki, tairi linatupwa. Kwenye rimu, pembeni mwa mahali palipogongwa, palikuwa na mstari mwembamba wa kama sentimita 4. Ungeweza kuudhania mkwaruzo.

Tukapima kwa mafuta ya taa na chaki. Hii ni njia ya zamani na kila gereji inaimudu. Unasafisha chuma kwa petroli mpaka kikauke, unapaka mafuta ya taa, unasubiri robo saa, unafuta mpaka pakauke kabisa, kisha unapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari ulijichora sentimita 7, ukitoka ukingoni, ukivuka pale tairi linapokalia, ukielekea kwenye mwili wa rimu. Tulipopaka chaki upande wa pili, ukatokea na huko. Ufa ulikuwa umepenya.

## Uamuzi wa kwanza: kutochomelea

Mjini kulikuwa na fundi mzuri wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni. Bei yake ilikuwa chini ya theluthi moja ya rimu ya mtumba. Mzee alilijua hilo, akaniambia kwa upole:

"Kijana wangu, nichomelee leo nifike. Nikirudi Dar nitanunua nyingine, nakuahidi."

"Mzee wangu, ningekuwa na uhakika litakufikisha ningekuchomelea. Sina."

Nilikataa kwa sababu tatu, nazo nilimweleza zote mbele ya rimu yenyewe, kidole changu kikiwa kwenye chaki.

Ya kwanza ni mahali. Ufa uliobaki kwenye mdomo wa nje wa ukingo ni jambo moja, uliovuka pale tairi linapokalia ni jambo jingine. Hapo ndipo upepo unapozuiwa na ndipo tairi linaposhikwa wakati wa kona.

Ya pili ni moto uliokwishapita. Rimu nyingi za alumini za kiwandani humiminwa kwa alumini yenye silikoni karibu asilimia 7 na magnesi kidogo, kisha hupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 500, huzamishwa majini, na kupashwa tena kwa saa kadhaa kwenye moto mdogo wa nyuzi mia na hamsini na kitu. Nguvu yake inatokana na mfuatano huo. Ukiirudisha kwenye moto mkubwa bila kufuata hatua hizo, chuma kinalainika pale palipoungua. Rimu hii ilikuwa imeunguzwa mara moja. Kuchomelea kungeiunguza mara ya pili, na pembeni mwa mshono kungebaki ukanda laini kuliko mshono wenyewe.

Ya tatu ni hesabu. Tairi la ukubwa huo huzunguka kama mara 450 kwa kila kilomita. Kutoka Iringa mpaka Makambako ni zaidi ya kilomita 150, na kila mzunguko ufa unabanwa na kuachiwa. Mwendo wa 80 ni mizunguko kumi kwa sekunde moja. Ufa haupumziki.

Mzee alinyamaza. Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo, ndiye aliyemaliza mazungumzo: "Baba watoto, msiba mmoja unatosha."

## Uamuzi wa pili, na kosa letu

Tukaamua kubadilisha, na hapo tukakosea sisi.

Nilimtuma kijana kwenye duka la spea za mtumba. Akarudi na rimu nzuri ya inchi 16, haina mkwaruzo, matundu matano, umbali wa matundu milimita 114.3 kama ya RAV4. Bei ilikuwa 110,000. Ikaingia kwenye stadi, zile skrubu zinazofungiwa nati, bila shida. Tukavika tairi, tukafunga kwa nati zilezile za gari, tukalitoa barabarani kujaribu. Kufika mwendo wa 70, usukani ukatikisika kuliko mwanzo.

Tuliposhusha nikaona kosa, na lilikuwa langu, kwa kuwa sikupima. Rimu ile ilikuwa imetoka kwenye Nissan. Tundu lake la kati ni milimita 66.1, wakati habu ya RAV4, yaani kitovu ambacho rimu inakalia, inahitaji 60.1. Rimu inayokaa sawasawa hubebwa na habu katikati, nati kazi yake ni kuibana. Hii ilikuwa inaning'inia na nafasi ya milimita 3 kila upande. Na la hatari zaidi: nati za rimu ya alumini ya gari hili zina washa bapa, ilhali matundu ya rimu ile yalichongwa kwa nati za koni. Washa ilikuwa imekalia ukingo wa koni, inagusa kwa mstari mwembamba badala ya uso mzima. Nati za namna hiyo hulegea. Tulikuwa tumeiondoa hatari moja tukaweka nyingine, tena kwenye gurudumu lilelile.

Rimu ilirudi dukani. Mwenye duka alikubali kuipokea akakata 10,000, ambazo tulizilipa sisi.

## Rimu iliyokuwa mlangoni

Ilikuwa saa saba. Nilikuwa nimeshapiga simu Makambako na Mbeya kuulizia rimu, na mzee ameshaanza kuulizia basi. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kazini, binti wa mwaka wa pili, alikuwa anafagia nyuma ya gari. Akauliza: "Kaka, hii ya huku mlangoni nayo ni mbovu?"

Akafungua kifuniko cha spea. Ndani mlikuwa na rimu ya alumini, ndugu kabisa wa zile nne, muundo uleule, tundu la kati lilelile, mihuri ya JWL, alama ya Japani ya ubora wa rimu za alumini, ikisomeka kama imetoka kiwandani jana. Haikuwahi kukanyaga lami.

Tangu asubuhi mzee alikuwa akituambia "spea imekufa", nasi tukaichukua kauli hiyo nzima nzima. Kilichokufa kilikuwa tairi. Rimu ilikuwa hai, na tuliizunguka mji mzima kuitafuta.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Tulipima rimu ya spea kwenye mashine: mchezo wake haukufika hata nusu milimita. Tulinunua matairi mawili mapya ya mbele, 260,000 kila moja, ili mhimili wa mbele uwe na matairi yanayolingana. Gari hili huvuta magurudumu yote manne, na kuchanganya tairi jipya na kuukuu kwenye mhimili mmoja kunalitesa. Lile kuukuu la mbele kulia, lililokuwa zima, tukalivika kwenye rimu ya chuma ya mtumba tuliyoipata gereji ya jirani kwa 45,000, baada ya kupima tundu la kati kwanza. Hiyo ikawa spea. Tukampa mzee nati tano za koni zinazofaa rimu ya chuma, kwenye mfuko uliofungwa kwenye jeki, tukamwonyesha mwanawe tofauti yake na zile za washa.

Nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103, kwa kuruka moja baada ya nyingine kama unayechora nyota. Tukakagua viungo vinavyoshika na kukata gurudumu, yaani boljointi, tairodi na mkono wa chini, upande uliopigwa: vizima. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ilikuwa imetoka kidogo, ikarudishwa. Saa kumi waliondoka.

## Matokeo

Walifika Makambako jioni na wakawahi maziko. Walipopita kurudi Dar baada ya siku sita tulikaza nati upya, na hakuna iliyokuwa imelegea. Usukani ulikuwa umetulia.

Rimu mbovu mzee alitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tulimwomba ruhusa ya kuikata kwanza, kwa sababu rimu yenye ufa ikitoka gerejini nzima hurudi barabarani chini ya gari la mtu mwingine, imepakwa rangi. Tulipokata kupitia ule ufa tuliona rangi mbili za chuma: sehemu ya mpasuko ilikuwa imeshakuwa ya kijivu cha vumbi, na nyingine iling'aa. Sehemu iliyong'aa ilikuwa ndogo kuliko ya kijivu.

## Uchambuzi

Hukumu yangu ni hii: rimu hii ingeweza kupona. Iliuawa na matibabu.

Pigo la shimoni lilibonyeza ukingo wa ndani. Kibonyeo cha namna hiyo, kisicho na ufa, kikiwa kwenye ukingo wa ndani na mbali na spoku, ni miongoni mwa majeraha machache ya alumini ninayokubali kuyanyoosha. Hunyooshwa kwenye mashine inayosukuma polepole, kwa moto mdogo unaopimwa au bila moto, kisha hupimwa kwa chaki kabla na baada. Siwezi kuapa kwamba ufa haukuwapo tangu shimoni. Ila ulianzia pale pale nyundo ilipopiga, pembeni mwa sehemu iliyoungua, na hilo linanitosha kuamini kwamba moto na nyundo ndivyo vilivyoufungua au kuurefusha.

Kuhusu moto ule, kuna jambo ambalo mafundi wengi waliojifunzia kwenye rimu za chuma hawalijui. Chuma kikipata moto hugeuka rangi, na jicho la fundi husoma kiasi. Alumini haigeuki. Itabaki na rangi ileile ya fedha mpaka inapokaribia kuyeyuka. Fundi wa kando ya barabara alijaribu kujilinda kwa karatasi, lakini moto unaowasha karatasi ni mkali kiasi cha kutosha kuanza kuilegeza rimu, na mahali penyewe palipoguswa na ncha ya gesi palikuwa pa moto zaidi ya pale alipoweka karatasi.

Tyubu ilifanya kosa la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Upepo uliokuwa ukivuja baada ya kugonga ulikuwa taarifa. Rimu ilikuwa inasema imepasuka. Tyubu haikuuziba ufa, iliunyamazisha, na familia ikapanda Kitonga ikiamini kimya kile ni uzima. Tangu siku ile, gurudumu lolote la tyubulesi tunalolikuta na tyubu hatulifungi tena mpaka tujue tyubu iliwekwa kwa ajili gani.

Kwa upande wetu, kilichotusaidia ni kuvua tairi badala ya kuamini mashine ya balansi, na kumwonyesha mteja mstari wa chaki badala ya kumhubiria. Mzee asiyekubali maneno ya fundi alikubali macho yake mwenyewe. Tulichokosea ni kuhesabu matundu na kusahau kupima katikati. "Inaingia" si kipimo. Rimu ya Nissan na ya Toyota zinaweza kuwa na matundu matano ya umbali uleule na bado zisivaliane. Tunayopima sasa kabla rimu ya mtumba haijalipiwa ni tundu la kati, umbo la kikalio cha nati, upana, na namba ya ET inayoonyesha rimu itakaa ndani au nje kiasi gani.

Kuhusu fedha, mzee alikuwa anafikiri analinganisha gharama ya kuchomelea na bei ya rimu. Kwa kweli rimu ya alumini aliyotembea nayo kwenda msibani haikumgharimu chochote, ilikuwa yake. Alicholipia ni matairi mawili, moja lililovunjwa na shimo na lingine la kulilinganisha, pamoja na rimu ya chuma ya spea. Wakati wote tulipokuwa tunabishana kuhusu kurekebisha au kununua, njia ya tatu ilikuwa mita tatu kutoka tulipokuwa tumesimama.

Na spea ndiyo chanzo cha yote. Lau tairi lake lingekuwa zima pale karibu na Ruaha Mbuyuni, rimu iliyobonyea ingefika Iringa ikiwa baridi, haijaguswa na moto wala nyundo, nasi tungeinyoosha kwa siku moja. Spea hii ilikuwa imejazwa upepo kila gari lilipofanyiwa huduma, kwa mujibu wa mwanawe, lakini hakuna aliyewahi kusoma tarehe iliyoandikwa ubavuni mwake.

Mabadiliko tuliyofanya kwenye karatasi yetu ya kupokelea magari ni mstari mmoja, uliopendekezwa na yule binti. Uko juu kabisa, kabla ya swali la tatizo ni nini: "Kifuniko cha spea kimefunguliwa? Tarehe ya tairi? Hali ya rimu?"